Vidonge vya damu vimenivuruga tumbo: niache, nipunguze au nikachomwe sindano?

Mshauri, salamu.

Nina miaka 36, kilo 60. Kwa muda mrefu nimekuwa mtu wa kuchoka. Nikipanda ngazi moyo unanienda mbio, nywele zinakatika, na nilishikwa na hamu ya kutafuna barafu ambayo siwezi kuieleza. Nilipopimwa, damu ilikuwa 9.1 na feritini 6. Nikaandikiwa ferasi salfeti ya miligramu 200, kidonge kimoja mara tatu kwa siku, nirudi baada ya miezi mitatu.

Mwanzoni nilijitahidi. Kisha kikaja kichefuchefu, tumbo likawa linasokota, choo kikawa kigumu na cheusi tii mpaka nikaogopa kwamba navuja damu ndani. Wiki ya tatu nikaacha. Cha kushangaza, nguvu zilikuwa zimeanza kurudi na hamu ya barafu imekwisha, nikajiambia labda damu imetosha.

Huwa navimeza asubuhi kwa chai ya maziwa ili visiniunguze, pamoja na kidonge cha kalsiamu ninachotumia kwa ajili ya mifupa. Jirani ananishauri nikachomwe sindano, eti wiki moja mambo yamekwisha. Mume wangu wa miaka 52 naye analalamika uchovu, na ameanza kumeza vile vilivyobaki. Binti yetu wa miaka 14 alivunja ungo mwaka jana. Nawaza nimwanzishie mapema asije akafika nilipofika mimi. Vidonge naviweka kwenye bakuli mezani nisivisahau, ingawa mdogo wao wa miaka mitatu anavitamani, anaviita peremende.

Hedhi yangu ni nzito, siku saba, lakini iko hivyo tangu ujana, kwa hiyo sidhani kama inahusika.

Mchovu wa Ngazi

*

Dada Mchovu,

Kabla sijagusa maswali yako, ondoa hivyo vidonge mezani. Ondoa sasa hivi, kisha urudi kusoma. Kila kidonge chako kina takribani miligramu 65 za chuma chenyewe. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo kama 14, na dalili za sumu zinaweza kuanza akimeza miligramu 20 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa huyo wako, hivyo ni vidonge vinne au vitano. Akifikia miligramu 60 kwa kilo, yaani vidonge 13 hivi, maisha yake yako hatarini. Virudishe kwenye chupa yake yenye kifuniko kigumu, uviweke juu kabatini, penye kufuli kama lipo.

Ikitokea amemeza, usimtapishe, na usimpe maziwa ukidhani yatazimua. Hata ule mkaa wa dawa unaonasa sumu nyingine haukinasi chuma. Mpeleke hospitali na chupa mkononi, hata kama bado anacheza. Sumu ya chuma ina hila: saa za mwanzo mtoto hutapika na kuharisha, pengine kwa damu, kisha anatulia na kuonekana amepona, halafu ndani ya siku moja au mbili ini linaanza kushindwa. Utulivu huo wa katikati ndio unaowadanganya wazazi wakabaki nyumbani, wakati hospitali kuna dawa ya kukikamata chuma kikiwa bado kwenye damu.

Haya, tuje kwako.

Ile namba ya damu uliyopewa, 9.1, ni hemoglobini. Kwa mwanamke asiye na mimba, hemoglobini iliyo chini ya 12 ni upungufu wa damu. Feritini inaonyesha akiba ya chuma mwilini. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba akiba imekwisha inapokuwa chini ya 15 kwa mtu mzima asiye na maambukizi, na madaktari wengi hushtuka tangu 30. Yako ni 6. Feritini inaweza kupanda kwa uongo mtu akiwa na homa au uvimbe mwilini, ila ikishuka kiasi hicho, karibu kila mara maana yake ni moja tu: chuma kimekwisha. Hata ile barafu inaingia humo humo. Kutamani barafu, udongo au wanga mbichi ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma, na dawa ikianza kufanya kazi hamu hiyo huondoka mapema, mara nyingi kabla hemoglobini haijapanda vya kutosha. Kwa hiyo nguvu zilizorudi zilikuwa habari njema kwamba dawa inaingia. Hazikuwa habari kwamba kazi imekwisha.

Tuifanye hesabu uone mwenyewe. Kuna kanuni ambayo madaktari huitumia kukadiria chuma kinachodaiwa na mwili: uzito, mara tofauti kati ya hemoglobini 15 na uliyo nayo, mara 2.4, kisha unaongeza 500 kwa ajili ya akiba. Kwako ni 60 mara 5.9 mara 2.4, unapata kama 850. Ukiongeza 500, unadaiwa takribani miligramu 1,350. Sasa kidonge cha miligramu 65 hakiingii chote damuni. Mtu mwenye upungufu hunyonya pengine asilimia 10 hadi 15 yake. Tuseme miligramu 8 kwa siku. Gawanya 1,350 kwa 8: unapata siku 170 hivi, karibu miezi sita. Na hapo bado hatujatoa kinachoondoka na hedhi kila mwezi. Wiki tatu zimelipa sehemu ndogo ya deni, na mwili ukipata chuma hukimbilia kutengeneza damu kwanza, akiba inangoja. Ndiyo sababu mtu hujisikia amepona, akaacha, na baada ya miezi michache yuko palepale.

Kuhusu mara tatu kwa siku: huo ni utaratibu wa zamani ambao bado unaandikwa sana, nami naona umewafanya watu wengi waache dawa kuliko sababu nyingine yoyote. Chuma kikiingia kwa wingi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo hufunga njia ambayo chuma hupitia kutoka kwenye seli za utumbo kwenda damuni. Dozi moja ya miligramu 60 au zaidi inatosha kuibana njia hiyo kwa takribani saa 24. Kidonge cha mchana na cha jioni kinakuta mlango umeshafungwa. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walilipima jambo hili kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma. Mwaka 2015 waliona kwamba kuongeza dozi mara sita, kutoka miligramu 40 hadi 240, kunaongeza chuma kinachoingia mwilini mara tatu tu hivi. Mwaka 2017 wakalinganisha miligramu 60 za kila siku na za siku moja kuacha moja: waliokuwa wakiruka siku walinyonya karibu asilimia 22 ya kila dozi, wa kila siku asilimia 16.

Kile kisichonyonywa kinabaki tumboni, na huko ndiko kinakoleta kichefuchefu, msokoto na choo kigumu. Kidonge chako cha pili na cha tatu vilikuwa vinakupa madhara mengi kuliko damu.

Rudi basi kwa aliyekuandikia, useme waziwazi: mara tatu imenishinda, naomba kimoja kwa siku. Si ombi la kuonewa haya. Mwongozo wa mwaka 2021 wa chama cha madaktari wa mfumo wa chakula wa Uingereza unapendekeza hivyohivyo: kidonge kimoja kwa siku chenye miligramu 50 hadi 100 za chuma, na kikimshinda mtu, ale siku moja aache moja. Kwa mwenye 9.1 ningeanza na kila siku, asubuhi. Kuruka siku iwe njia ya pili tumbo likikataa. Ukisahau siku moja, usilipizie kwa kumeza viwili kesho yake.

Jambo moja kuhusu lebo, maana hapa wengi hupotea. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye chupa ni uzito wa chumvi nzima ya dawa, chuma ni sehemu yake tu. Ferasi salfeti kavu ya miligramu 200 ina chuma miligramu 65 hivi. Ferasi fumareti ya 200 nayo ni karibu 65. Ferasi glukoneti ya 300 ina 35 tu. Ukibadilishiwa dawa, usilinganishe namba kubwa kwa namba kubwa. Muulize mfamasia chuma chenyewe ni kiasi gani. Na zile multivitamini za kila siku, hata zikiandikwa zina chuma, mara nyingi kilichomo ni miligramu 14 au 18, kiasi kisichotosha kutibu upungufu kama wako.

Sasa namna ya kumeza. Chai ya maziwa na kalsiamu ndivyo vilivyokuwa vinakula dawa yako. Majani ya chai yana kemikali zinazokamata chuma tumboni kikatoka kama kilivyoingia. Kahawa nayo ni hivyohivyo. Kalsiamu, iwe ya kidonge au ya maziwa, nayo hukizuia. Fanya hivi: ukiamka, kabla ya kula, meza kidonge kwa glasi nzima ya maji. Asubuhi ni bora kwa sababu hepsidini yenyewe kwa kawaida huwa chini asubuhi na hupanda kadiri siku inavyosonga. Usikitafune wala kukisaga, na usimeze ukiwa umelala au ukarudi kitandani papo hapo. Kidonge cha chuma kikikwama kooni kinaweza kuunguza na kuacha kidonda. Kaa saa moja ndipo ule, chai iwe baada ya hapo. Kalsiamu ihamishie kwenye chakula cha jioni. Ikiwa umekwisha kula, subiri kama saa mbili.

Utaambiwa umeze na maji ya machungwa au vitamini C. Vitamini C husaidia kweli chuma kilichomo kwenye maharage, nafaka na mboga za majani, lakini kwa kidonge chenye chuma kingi tayari haiongezi la maana. Utafiti uliofanywa China kwa watu 440 na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta kundi la chuma peke yake na kundi la chuma na vitamini C wamepanda damu sawasawa. Ukipenda juisi, kunywa. Usijibebeshe gharama ya kidonge cha ziada. Na rangi nyekundu ya kinywaji haina uhusiano wowote na kiasi cha chuma kilichomo.

Kama unatumia dawa nyingine, mwambie mfamasia zote. Dawa ya tezi ya shingoni, levothairoksini, itenganishwe na chuma kwa saa nne. Viuavijasumu kama doksisaiklini na siprofloksasini hushikana na chuma vyote viwili visiingie, kwa hiyo viachanishwe kwa saa kadhaa kama mfamasia atakavyopanga, au chuma kisimame mpaka dozi ya kiuavijasumu iishe. Anayetumia dawa ya VVU iliyoandikwa dolutegravir aimeze saa mbili kabla ya chuma au saa sita baada yake, au vyote pamoja na chakula. Hili si la kupuuza, kwa sababu chuma kwenye tumbo tupu hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazoli, nazo hudhoofisha unyonyaji wa chuma, na watu huzimeza miaka bila kukumbuka nani aliziandika.

Tumbo likiendelea kusumbua hata kwa kimoja, nenda kwa mpangilio. Kwanza ruka siku. Ikishindikana, meza pamoja na chakula kidogo kisicho na maziwa wala chai. Utapoteza sehemu kubwa ya dozi, ila nusu inayoingia ni bora kuliko kidonge kinachobaki kwenye chupa. Wengine hukivumilia zaidi wakimeza usiku, saa mbili baada ya kula na muda kabla ya kulala. Baadaye badilisha chumvi: ferasi glukoneti ina sifa ya upole, na siri ya upole wake ni kwamba ina chuma kidogo. Vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole au vyenye ganda la kuvuka tumbo usivikimbilie. Chuma hunyonywa hasa mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba. Vile vinafunguka mbele zaidi, mahali ambapo unyonyaji umeshapungua. Havichomi kwa sababu haviingii. Dawa ya maji nayo ni njia, hasa kwa kuwa dozi hupunguzwa kidogokidogo, lakini hutia meno weusi: inywe kwa mrija na usukutue.

Choo kigumu hakimalizwi na maji peke yake. Ongeza matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, tembea, na ikibidi omba laktulozi au kilainishi kingine cha choo badala ya kuacha chuma.

Weusi wa choo ni chuma ambacho hakikunyonywa, na utauona muda wote utakaomeza. Cha kawaida ni choo cheusi au kijani kibichi kilichokolea, chenye umbo lake, harufu yake ileile. Choo cha damu kutoka tumboni ni kitu kingine: kinang'aa na kunata kama lami, ni chepesi, kina harufu kali isiyo ya kawaida, na mara nyingi mtu anahisi kizunguzungu au maumivu juu ya kitovu. Hicho ukikiona, au ukitapika kitu mfano wa unga wa kahawa, ni hospitali siku hiyohiyo. Vilevile ukipata maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi ukiwa umekaa, au kuzimia, usingoje kidonge kifanye kazi.

Miezi mitatu bila kipimo ni mirefu mno. Omba upimwe hemoglobini baada ya wiki mbili hadi nne za kumeza vizuri. Kwa wiki mbili inatakiwa ipande angalau 1, na kwa wiki nne karibu 2, kwa hiyo wewe unategemewa kuwa karibu na 11 mwezi ukiisha. Ikifika kawaida, unaendelea miezi mitatu mingine kujaza akiba, ndipo feritini inapimwa tena. Baada ya kusimamisha, pima kila baada ya miezi michache kwa mwaka mmoja, kwa sababu chanzo kisipozibwa inashuka tena kimyakimya.

Na isipopanda? Swali la kwanza ni la aibu kidogo lakini ndilo lenye majibu mengi: je, vidonge vinamezwa kweli, na vinamezwa na nini? Kama hapo pako sawa, daktari atafute bakteria wa vidonda vya tumbo waitwao Helicobacter pylori, ugonjwa wa siliaki ambao ngano huharibu utumbo, dawa za asidi, damu inayotoka kuliko inayoingia, au uvimbe na maambukizi ya muda mrefu, maana hayo hupandisha hepsidini na kufunga ule mlango hata kama mtu ana njaa ya chuma. Wakati mwingine tatizo si chuma pekee: thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, huonyesha kwenye kipimo seli nyekundu zilizo ndogo, sawa na za upungufu wa chuma, na ukosefu wa vitamini B12 au foliki huweza kujificha nyuma yake.

Jirani hajakosea kabisa kuhusu sindano, ila amekosea kuhusu wiki moja. Chuma cha kuingizwa kwenye mshipa kwa dripu ni tiba nzuri kwa aliyeshindwa vidonge vya aina mbalimbali, ambaye utumbo wake haunyonyi, mjamzito wa miezi ya mwisho mwenye damu ndogo sana, mgonjwa wa figo au wa moyo kushindwa kufanya kazi. Hata hivyo uboho wa mifupa bado unahitaji wiki kadhaa kugeuza chuma hicho kuwa damu. Hutolewa mahali penye vifaa vya kushughulikia mzio mkali, ambao ni nadra lakini upo, na kikivuja nje ya mshipa huacha doa la kahawia kwenye ngozi ambalo linaweza kudumu. Zile za kuchomwa kwenye misuli ya makalio zina maumivu, zina madoa, na hazina ubora unaozidi dripu. Zikatae kwa heshima. Wewe hujafika huko. Bado hujavijaribu vidonge vikimezwa inavyotakiwa.

Sasa hedhi, ambayo umeitaja mwisho kana kwamba ni habari ya pembeni. Dada, hiyo ndiyo habari yenyewe. Kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Hedhi ya mililita 80, kiwango ambacho kuanzia hapo huitwa nzito, huondoka na miligramu 40. Wapo wanaotoa mara mbili ya hapo. Kwa upande wa kuingia, chakula cha kawaida huleta pengine miligramu moja na nusu hadi mbili kwa siku, na karibu moja kati ya hizo hupotea kila siku kwa njia nyingine, bila hedhi. Kinachobaki kwa mwezi ni 15 hadi 30. Toa 40, halafu rudia hesabu hiyo kwa miaka 20. Kwamba iko hivyo tangu ujana haimaanishi ni salama. Inaeleza tu kwa nini akiba imefika 6.

Mwezi ujao andika: unabadilisha pedi kila baada ya muda gani, je unalazimika kuvaa mbili, unaamka usiku kubadilisha, mabonge yanafikia upana wa sentimita mbili na nusu? Peleka karatasi hiyo kwa daktari wa wanawake. Ataweza kukupima kwa mashine ya picha kuona kama kuna fibroidi, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi usio saratani, kupima tezi ya shingoni, na, kwa kuwa umetoka damu nyingi tangu hedhi za kwanza, kuangalia kama damu yako ina shida ya kuganda, mfano ugonjwa wa von Willebrand ambao wanawake wengi huishi nao bila kujua. Tiba zipo: asidi ya traneksamiki inayomezwa siku za damu nyingi tu, au kitanzi chenye homoni ya levonojestreli, ambacho hupunguza damu sana. Kama unatumia kitanzi cha shaba, mwambie, kwa sababu chenyewe huongeza damu. Bila kuziba hapo utameza chuma mpaka hedhi ikome.

Ukishika mimba kabla akiba haijajaa, mweleze mkunga kwenye mahudhurio ya kwanza. Kiwango cha kinga cha Shirika la Afya Duniani kwa mjamzito ni miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na mikrogramu 400 za foliki. Mwenye upungufu tayari huhitaji cha tiba.

Shemeji aache vidonge leo. Mwanaume hana hedhi, na mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Kinajilimbikiza kwenye ini, moyo na kongosho. Wapo waliorithi hemokromatosisi, ugonjwa wa kunyonya chuma kupita kiasi, na uchovu ni mojawapo ya dalili zake, kwa hiyo anaweza kuwa anameza sumu yake mwenyewe. Na kama ni kweli ana upungufu, basi kwa mwanaume wa miaka 52 swali la kwanza ni damu inatokea wapi: kidonda cha tumbo, bawasiri, dawa za maumivu za kila siku, au saratani ya utumbo mkubwa ambayo wakati mwingine hujitangaza kwa upungufu wa chuma peke yake, bila maumivu. Vidonge vitapandisha damu na kuificha dalili hiyo. Apime hemoglobini, ambayo kwake inatakiwa isiwe chini ya 13, pamoja na feritini. Uchovu una sababu nyingine nyingi: sukari, tezi ya shingoni, usingizi mbovu, msongo wa mawazo.

Kwa binti una hoja. Anakua haraka na ameanza hedhi, mambo mawili yanayokula chuma kwa pamoja, na kinga kwa umri wake si wazo baya. Shirika la Afya Duniani hupendekeza, katika maeneo ambako upungufu wa damu umeenea kwa wasichana na wanawake, kidonge kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za chuma na 2.8 za foliki. Pale ulipoenea zaidi, miligramu 30 hadi 60 kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka. Zingatia kwamba hicho cha kwanza ni kwa wiki. Mahali penye malaria kinga ya chuma huenda sambamba na chandarua na matibabu ya malaria, na akiwa na homa atibiwe homa kwanza. Kama kwenye ukoo kuna selimundu au thalasemia, au amewahi kuongezewa damu mara kwa mara, asianze chochote bila kipimo. Usimgawie vyako. Mpime hemoglobini na feritini, muulize hedhi yake ikoje kwa yale maswali ya pedi niliyokupa, na feritini ikitoka chini ya 15, hapo si kinga tena, ni tiba, na dozi ipangwe kwa uzito wake.